Je, wajua kwa nini dumu la lita 20 la asali lina kilo 28?

Jaza dumu la lita 20 maji, utabeba kilo 20. Lijaze mawese ya Kigoma, zitakuwa kama kilo 18. Lijaze asali ya Tabora, zinakaribia kilo 28, na bado hatujahesabu uzito wa dumu lenyewe. Lita hupima nafasi, kilo hupima uzito. Lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, ya mawese, takriban kilo 0.9.

Hapa ndipo watu hupunjana sokoni, mara nyingi bila kukusudia: mmoja anataja bei ya kilo, mwenzake anawaza lita.

Shuleni wengi tulikariri ngazi ya kilomita hadi milimita, ukishuka zidisha, ukipanda gawanya. Ngazi hiyo haimsaidii muuza asali. Ipo njia bora zaidi, nayo inategemea jambo dogo tu: namba ikizidishwa kwa moja, thamani yake haibadiliki. Kwa kuwa kilo 1.4 na lita 1 ni asali ileile, sehemu yenye kilo 1.4 juu na lita 1 chini ni sawa na moja. Basi:

lita 20 × (kilo 1.4 / lita 1) = kilo 28

Lita ya juu imekatana na ya chini, imebaki kilo. Bei nayo hufuata njia hiyohiyo. Tuseme kilo ni shilingi 10,000:

(sh 10,000 / kilo 1) × (kilo 1.4 / lita 1) = sh 14,000 kwa lita

Mfugaji nyuki anayeuza lita kwa shilingi 10,000 akidhani lita ni kilo anapoteza shilingi 80,000 kwa dumu. Hiyo ni jasho lake la msituni.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba vipimo vyenyewe vinakuonya ukikosea. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Futi 1 ni mita 0.3048, kwa hiyo futi huwekwa juu, mita chini, na jibu ni kama futi 4,823. Ukiigeuza sehemu, mita hazikatani na unabaki na "mita mara mita kwa futi", kitu kisichopima kina chochote. Ndiyo maana usiandike namba tupu. Kipimo kiambatane nayo hadi mwisho.

Kwa eneo, zidisha kwa sehemu hiyo mara mbili, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana: mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 100 × 100, yaani 10,000. Nyuzi za joto hazimo katika njia hii, kwa sababu sifuri ya Selsiasi si sifuri ya Farenhaiti.

Ile 1.4 nayo si amri. Asali yenye maji mengi, kama ya nyuki wadogo wasiouma, huwa nyepesi zaidi. Pima chombo kitupu, mimina lita moja kamili, pima tena, toa uzito wa chombo. Namba utakayoipata ndiyo ya kuzidishia asali yako.