Ramsey hakuwa namba kumi: maana ya namba nane

Wachambuzi wengi wa redio wamezoea kumtaja Aaron Ramsey, kiungo aliyewika Arsenal na timu ya taifa ya Wales, kama "namba kumi wa Wales", na vijiweni watu wamelipokea hivyo hivyo. Wengine humwita namba nane, lakini ukiwauliza sababu watakwambia ni kwa kuwa alikuwa na pumzi na alikimbia sana. Majibu yote mawili yana kasoro. La pili ndilo linalonikera zaidi, maana linaukaribia ukweli kisha linaupita kando.

Namba nane ni kiungo anayeanzia katikati ya uwanja, akisaidia kukaba na kupokea mpira kutoka kwa mabeki, kisha anaingia eneo la hatari la mpinzani akiwa amechelewa kidogo kuliko straika, wakati mabeki wameshashughulika na watu wengine. Namba sita, yaani kiungo mkabaji, anabaki nyuma. Namba kumi tayari yuko mbele, kati ya viungo na mabeki wa mpinzani, akisubiri mpira umfikie ili atoe pasi ya mwisho. Namba nane anaanzia karibu na wa kwanza na kumalizia mbele ya wa pili.

Maana ni hiyo tu. Tabu iko kwenye namba zenyewe, kwa sababu namba nane na namba kumi walizaliwa mapacha, na wote wawili walizaliwa washambuliaji.

Turudi nyuma hadi karne ya 19. Timu za mwanzo zilijaza washambuliaji mbele na kuacha watu wachache sana katikati. Mfumo uliokuja kutawala ulikuwa wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, yaani 2-3-5. Timu inayotajwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuonekana ikiutumia ni ya Wales: Wrexham, katika fainali ya Kombe la Wales ya mwaka 1878, walipoifunga Druids 1-0. Walimtoa mshambuliaji mmoja wa kati na kumrudisha katikati ya uwanja. Mtu anayependa nafasi ya kiungo ana haki ya kuikumbuka Wrexham kwa hilo, kabla ya hadithi za hivi karibuni za wamiliki wake wa Hollywood.

Namba za mgongoni zilikuja baadaye sana. Tarehe 25 Agosti 1928, Arsenal walipocheza na Sheffield Wednesday, na siku hiyo hiyo Chelsea walipoikaribisha Swansea Town, nayo ya Wales, wachezaji walivaa namba kwa mara ya kwanza katika ligi ya England. Katika fainali ya Kombe la FA ya 1933, Everton walivaa 1 hadi 11 na Manchester City wakavaa 12 hadi 22. Mwaka 1939 ligi ikazifanya kuwa lazima. Namba zilipangwa kwa kufuata ule mfumo wa 2-3-5, kutoka nyuma kwenda mbele na kutoka kulia kwenda kushoto: kipa 1, mabeki 2 na 3, viungo 4, 5 na 6, kisha mstari wa mbele 7 hadi 11. Kwa hesabu hiyo, 8 alikuwa mshambuliaji wa ndani upande wa kulia wa straika, na 10 alikuwa mwenzake wa upande wa kushoto. Hapakuwa na tofauti ya kazi kati yao. Tofauti ilikuwa ya upande tu.

Sasa nini kiliwatenganisha? Kwanza ilikuja sheria mpya ya kuotea ya mwaka 1925, iliyopunguza idadi ya wapinzani wanaotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli kutoka watatu hadi wawili. Mabao yakamiminika. Herbert Chapman, kocha aliyejiunga na Arsenal mwaka huo huo, akamshusha kiungo wa kati awe beki wa tatu, na pengo lililobaki katikati likajazwa na wale washambuliaji wawili wa ndani, wakarudishwa nyuma. Namba nane na namba kumi wakaanza kuwa viungo. Baadaye, timu zilipoongeza beki wa nne na katikati pakabaki na watu wawili au watatu, mmoja wa mapacha hao alivutwa nyuma zaidi afanye kazi ya pande zote mbili, na mwingine akaachwa karibu na straika. Sehemu nyingi aliyevutwa nyuma alikuwa nane na aliyeachwa mbele alikuwa kumi. Tangu Pelé avae 10 katika Kombe la Dunia la 1958, jezi hiyo ikapata heshima ambayo nane haijawahi kuipata, na nadhani hapo ndipo watu walipoanza kuamini kwamba kila kiungo mzuri anayefunga lazima awe kumi.

Namba za nafasi pia hazifanani kila nchi. Sisi mkabaji wetu ni namba sita, na mabeki wa kati ni nne na tano. Argentina mkabaji ni namba tano. England kwa miaka mingi sita alikuwa beki wa kati, na wengi wakaitumia nne kwa mkabaji. Kisha mwaka 1993 Ligi Kuu ya England ikaanza kumpa kila mchezaji namba yake ya msimu mzima, na uhusiano kati ya jezi na kazi ukakatika rasmi. Tangu wakati huo, kusoma kazi ya mchezaji mgongoni mwake ni kubahatisha.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni Arsenal ya msimu wa 2013/14. Jezi namba 8 ilivaliwa na Mikel Arteta, ambaye alibaki nyuma na kufanya kazi ya sita. Jezi namba 10 ilikuwa ya Jack Wilshere. Aliyefanya kazi ya kumi alikuwa Mesut Özil, mgongoni ana 11. Na Ramsey, aliyefanya kazi ya nane kuliko kiungo yeyote Ligi Kuu msimu ule, alivaa 16. Kati ya viungo hao wanne wa timu moja, hakuna hata namba moja iliyosema kweli.

Msimu ule Ramsey alifunga mabao 16 katika mashindano yote, 10 kati ya hayo ligini, ingawa jeraha la paja alilolipata West Ham siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 26 Desemba, lilimweka nje hadi Aprili. Ukitazama mabao yale tena, usiangalie shuti. Angalia sekunde nne au tano kabla ya shuti. Mara nyingi Ramsey yuko karibu na Arteta, anatoa pasi fupi ya kawaida kabisa, halafu anaondoka. Hakuna anayemfuata, kwa kuwa kiungo wa timu pinzani anautazama mpira, na beki anamtazama Olivier Giroud. Fainali ya Kombe la FA ya 2014 iliamuliwa hivyo. Hull City walitangulia mabao mawili ndani ya dakika kumi za mwanzo, Santi Cazorla na Laurent Koscielny wakasawazisha, na dakika ya 109, katika muda wa nyongeza, Giroud akaurudisha mpira kwa kisigino. Ramsey alikuwa amefika. Lilikuwa kombe la kwanza la Arsenal tangu 2005, na mashabiki wao wa Nairobi na Dar es Salaam waliokesha miaka tisa wakitaniwa hawawezi kulisahau.

Mwaka 2017 akarudia katika fainali ya kombe hilo hilo, safari hii dhidi ya Chelsea. Siku hiyo kocha Arsène Wenger alitumia mabeki watatu, na Ramsey alikuwa mmoja wa viungo wawili tu wa kati, pamoja na Granit Xhaka. Kwa mpangilio ule, mtu wa nafasi yake angetarajiwa kukaa nyuma. Diego Costa akasawazisha dakika ya 76. Dakika tatu baadaye Giroud, aliyekuwa ameingia muda si mrefu, akapiga krosi, na aliyeipiga kichwa katikati ya eneo la hatari alikuwa kiungo wa kati. Ikawa 2-1. Namba kumi angekuwa tayari amekaa pale, na beki angekuwa tayari amemshika. Kwa hiyo anayesema nane ni "mwenye pumzi" anakosea. Pumzi inahitajika, lakini wakimbiaji wako wengi. Kazi yenyewe ni kujua ni lini uondoke na lini ubaki, na kukubali kwamba mara nyingi utakimbia mita hamsini bila kupewa mpira, kisha urudi mbio kukaba.

Inafaa kukumbuka pia mwili uliofanya kazi hiyo ulikuwa umepitia nini. Ramsey alizaliwa Caerphilly mwaka 1990, akalelewa kisoka Cardiff City, na mwaka 2007, akiwa na miaka 16, akawa mchezaji mdogo kuliko wote katika historia ya klabu hiyo, akiivunja rekodi ya John Toshack. Mwaka 2008 Arsenal walimchukua kwa pauni milioni 5 hivi. Februari 2010, uwanjani kwa Stoke City, mguu wake wa kulia ulivunjika mifupa yote miwili ya chini ya goti. Alikuwa na miaka 19. Alirudi kwa kwenda kwa mkopo Nottingham Forest na kisha Cardiff, na Machi 2011 Gary Speed, kocha wa Wales ambaye naye alikuwa kiungo mkubwa wa taifa hilo, akamkabidhi unahodha wa taifa akiwa na miaka 20.

Wales ndiko mkanganyiko ulikokomaa, na nakiri unaeleweka. Katika Euro ya 2016 alivaa jezi namba 10. Joe Allen na Joe Ledley walikuwa nyuma yake wakishika katikati, na yeye akaruhusiwa kusogea karibu na Gareth Bale. Kwa mahali pa kuanzia, alikuwa juu zaidi kuliko alivyokuwa Arsenal. Alifunga bao moja na kutoa pasi nne za mabao, mbili kati ya hizo katika robo fainali dhidi ya Ubelgiji: kona aliyoipiga Ashley Williams kwa kichwa, na mpira alioupokea Hal Robson-Kanu kabla ya kugeuka na kufunga. Hesabu hiyo ya pasi ni ya kumi, sibishani. Lakini hata pale hakuwa mtu wa kusimama kati ya mistari akisubiri. Alishuka kuchukua mpira, akaupitisha, akawapita Allen na Ledley na kwenda mbele. Kadi yake ya pili ya njano katika mashindano hayo ikamkosesha nusu fainali, na bila yeye Wales wakafungwa 2-0 na Ureno huko Lyon.

Juventus walimchukua bure mwaka 2019, na kocha Maurizio Sarri mara kadhaa akamweka nyuma kabisa ya washambuliaji, kwenye kiti cha kumi hasa. Alifunga bao muhimu dhidi ya Inter Machi 2020, uwanja ukiwa mtupu kwa sababu ya korona, na akatwaa ubingwa wa Italia. Majeraha yalimwandama, hilo ni kweli. Ila alipowekwa mbele tangu mwanzo, zile mbio zake za kutokea nyuma zilipungukiwa na umbali, na kwangu hiyo ni nusu ya sababu ya kutong'ara kule. Mzunguko uliofuata wa Rangers, Nice, kurudi Cardiff na kisha Mexico ulikuwa wa mchezaji ambaye misuli yake haikumruhusu tena kuifanya kazi iliyomjenga.

Basi ukitaka kumwita kwa namba, jezi ya Wales isikushawishi, wala mabao yake yasikufanye umpandishe hadi kumi kana kwamba ni cheo. Na kwa wale wanaosema siku hizi "nane" kwa kila kiungo anayehangaika uwanja mzima: mpe jina la mchapakazi, ni sifa nzuri pia. Nane liachie yule ambaye beki anamwona akiwa ameshachelewa.