Ufundishaji shirikishi wa biolojia na mikrobiolojia: maana yake hasa

Somo la biolojia huitwa shirikishi pale mwanafunzi anapotakiwa kutoa uamuzi wake kabla hajapewa jibu. Anabashiri kitakachotokea, anamweleza jirani yake kwa nini anadhani hivyo, kisha anaona kama alipatia au alikosea. Wengi hudhani ushirikishi ni kupanga viti kwa duara, kugawana kalamu za rangi na kubandika mabango ukutani. Sivyo. Kikundi kinaweza kukaa saa nzima kikinakili mchoro wa seli kutoka kitabuni, na kikatoka kama kilivyoingia. Darasa la watu mia waliokaa kwa safu linaweza kuwa shirikishi kabisa, kama mwalimu anasimama kila baada ya dakika chache na kuuliza swali ambalo kila mtu lazima alijibu.

Mikrobiolojia inauhitaji utaratibu huu kuliko masomo mengine mengi, kwa sababu inazungumzia viumbe wasioonekana kwa macho. Mwanafunzi asipoona kitu, hujijengea picha yake mwenyewe kichwani, na picha hiyo mara nyingi ina kasoro. Anaweza kukariri kwamba usugu wa dawa hutokana na mabadiliko ya vinasaba, akaandika vizuri kwenye mtihani, huku moyoni akiamini kwamba bakteria mmoja mmoja "huizoea" dawa kama mtu anavyozoea baridi. Mhadhara haumgusi huyu, kwani hakuna mahali unapomlazimu kuitoa picha yake nje ikaonekana.

Tuchukue mfano wa shanga. Weka mezani shanga 64 nyeupe na 2 nyeusi. Nyeupe ni bakteria wanaodhurika na dawa, nyeusi ni wale ambao tayari wana usugu. Waulize wanafunzi: tukitumia dawa mara tatu, meza itakuwaje? Waandike jibu kwanza. Hatua hii isirukwe. Kisha kila raundi "dawa" iondoe robo tatu ya nyeupe na isiguse nyeusi, halafu waliosalia wazaliane mara mbili. Raundi ya kwanza inaacha nyeupe 32 na nyeusi 4. Ya pili, 16 na 8. Ya tatu, nyeupe 8 na nyeusi 16. Sasa uliza swali lenyewe: ni shanga ipi iliyobadilika rangi? Hakuna hata moja. Kilichobadilika ni idadi ya kila aina, na ile picha ya bakteria "kuizoea" dawa inakosa pa kushika. Hapo ndipo mwalimu aeleze jinsi zile shanga mbili nyeusi zilivyopatikana tangu mwanzo, yaani mabadiliko ya vinasaba yanayotokea kwa nasibu. Maelezo yale yale yangetolewa mwanzoni yangepita tu masikioni.

Zoezi jingine ninalolipenda ni la vikombe. Wanafunzi 24 wanapewa vikombe vyenye maji, ila kimoja, bila mtu kujua, kina alkali hafifu. Kila mmoja anachanganya maji yake na ya mwenzake, wanagawana sawa, kisha wanatafuta mwenza mpya, mara tatu. Mwishoni kila kikombe kinawekewa tone la fenoftalini, kemikali inayogeuka waridi ikikutana na alkali. Vikombe visivyozidi vinane vinageuka waridi, ingawa chanzo kilikuwa kimoja. Utamu unaanza hapo: nani aliuanzisha "ugonjwa"? Wanachora ubaoni nani alikutana na nani, wanafuta mmoja baada ya mwingine, na wakifika mwisho wanabaki na watu wawili wasioweza kutenganishwa, yaani wale waliokutana raundi ya kwanza. Darasa limefuatilia mlipuko kama wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wanavyofanya, na limegundua lenyewe mpaka wa ushahidi wake. (Alkali iwe hafifu kweli, na hakuna anayeonja.)

Video nayo inaweza kuwa shirikishi au isiwe. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani na Israeli walionyesha kwa video sahani kubwa ya agari (rojo la kuoteshea bakteria), sentimita 60 kwa 120, iliyowekewa antibiotiki kwa mikanda, kila mkanda wenye dawa kali zaidi kuelekea katikati. Bakteria wa E. koli walivuka mkanda hadi mkanda, na katika siku 11 hivi wakaota penye dawa iliyozidi mara 1000 kiwango kilichotosha kuwazuia mwanzoni. Ukiicheza mfululizo, darasa litashangaa na kusahau. Isimamishe bakteria wanapofika kwenye mpaka wa kwanza, uliza watavukia wapi na kwa nini pale, kisha endelea.

Je, kuna ushahidi? Upo, tena mzito. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi katika vyuo. Waliofeli katika madarasa ya mihadhara mitupu walikuwa karibu asilimia 34, na katika madarasa shirikishi karibu 22. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019 katika madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard, unafaa kujulikana na kila mwalimu: wanafunzi wa kipindi shirikishi walipata alama za juu zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kuumiza kichwa huhisika kama kutoelewa. Ndiyo maana mwalimu akianza mbinu hizi hulalamikiwa, na wengi huziacha wiki ya pili. Ni vema awaeleze wanafunzi jambo hilo mapema.

Si kila kitu kifundishwe hivi. Majina ya sehemu za seli au hatua za kupaka rangi ya Gram, inayotenganisha makundi ya bakteria, yaelezwe tu, kwa ufupi, kisha muda utumike kwenye maswali yanayobishaniwa.

Ushirikishi hufika mbali zaidi pale jibu lisipokuwemo kwenye kitabu chochote. Mpango wa Tiny Earth, uliozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, huwapa wanafunzi kazi ya kuchota udongo, kuotesha bakteria waliomo na kuwapima kama wanatoa kemikali inayozuia bakteria wengine. Mwanafunzi anachagua mwenyewe pa kuchota na kueleza kwa nini. Siku chache baadaye anainua sahani kwenye mwanga, akitafuta duara angavu kuzunguka kundi la bakteria, mahali ambapo wengine wameshindwa kuota. Mwalimu amesimama pembeni, naye hajui kama duara litakuwepo.