Kozi ya kanzidata si ya kukariri SQL

Kila semista inapoanza, wadogo zangu wa mwaka wa pili huja getoni kwangu Iyunga, hapa Mbeya, na hofu ileile: kozi ya mifumo ya kanzidata, yaani programu za kutunza data kwa mpangilio kwenye kompyuta. Wameshaambiwa na waliotangulia kwamba inagawa sapu (mitihani ya marudio) kama njugu. Kuogopa si tatizo. Tatizo ni wanayoyaamini kabla hawajaingia darasani, maana hayo ndiyo yanayowaangusha.

"Ukizishika amri za SQL umeshafaulu."

Hii ndiyo inayofelisha wengi. SQL ni lugha ya kuiagiza kanzidata, na amri zenyewe ni chache; SELECT, INSERT, UPDATE na wenzake utazizoea ndani ya wiki kadhaa. Kazi ngumu inatangulia amri: kuamua kipi kiandikwe wapi, na kiandikwe mara moja tu.

Mama yangu mdogo ananunua viazi Uyole na kuvisafirisha Dar es Salaam. Katika daftari lake la kaunta, kila mzigo una mstari wake: tarehe, jina la mkulima, kijiji, simu, magunia, bei. Mkulima mmoja wa Umalila alishaleta mizigo saba, kwa hiyo namba yake ya simu imeandikwa mara saba. Alipobadilisha laini, mama mdogo alirekebisha mstari wa mwisho peke yake. Baadaye kijana anayemsaidia alifungua kurasa za nyuma, akanakili namba ya zamani, akatuma malipo. Pesa ikatua kwa mtu baki. Siku nne nzima tulikuwa kwenye simu tukiomba irudishwe.

Hapakuwa na uzembe pale. Daftari ndilo lilipangwa hivyo. Jedwali moja lingekuwa la wakulima, kila mkulima mstari mmoja wenye namba yake ya utambulisho na simu yake. Jingine la mizigo, likimtaja mkulima kwa namba hiyo ya utambulisho tu, bila simu. Simu ikibadilika, unagusa sehemu moja. Darasani hilo litaitwa nomalaizesheni na litakuja na ngazi zake, lakini ukishalielewa kaunta la viazi, umeshalielewa.

Hata historia inaonyesha kipi kilitangulia. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alichapisha wazo la kupanga data kwa majedwali mwaka 1970. Lugha ya SQL, ambayo mwanzoni iliitwa SEQUEL, ilitangazwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce mwaka 1974. Fikra ilikuwepo miaka minne kabla ya amri.

"Jina linatosha kumtambulisha mtu."

Simama stendi ya Kabwe uite "Mwakalinga!" uone watakaogeuka. Simu nayo, kama tulivyoona, hubadilika. Ndiyo maana chuo kinakupa namba ya usajili: haifanani na ya mwingine wala haibadiliki ukiolewa au ukipoteza laini. Kila jedwali linahitaji ufunguo wa namna hiyo.

"Siku hizi akili bandia inaandika SQL yote."

Inaandika, tena haraka. Lakini chukua mfano huu kwa kalamu. Mkulima ameleta mizigo mitatu: magunia 10, 12 na 8. Jumla 30. Amelipwa kwa awamu mbili. Ukiunganisha jedwali la mizigo na la malipo kwa namba ya mkulima, kila mzigo unakutana na kila malipo, unapata mistari sita. Ukijumlisha magunia hapo unapata 60, na malipo yanahesabiwa mara tatu. Kompyuta haitalalamika, kwa sababu amri haina kosa la kisarufi. Ni wewe unayejua kwamba gari halikubeba magunia 60. Dawa ni kujumlisha kila upande kwanza, kisha ndipo uunganishe. Mwanafunzi aliyewahi kuuchora mfano huu kwa mkono huligundua kosa mara moja. Aliyenakili jibu atalipeleka hivyohivyo kwa bosi.

"Excel inatosha kwa kila kitu."

Kwa orodha ya michango ya harusi, naam, inatosha kabisa. Ila Excel ya sasa inaishia mistari 1,048,576 kwa karatasi moja, na faili za mtindo wa zamani ziliishia 65,536. Mwaka 2020 huko Uingereza, karibu visa 16,000 vya UVIKO-19 vilichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu data ilipitia faili za zamani za Excel, nazo zikajaa. Waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Kila nikiwaza hilo naona uzito wa kozi hii.

"Bila kuwa mkali wa hesabu hutoboi."

Hesabu utakayoihitaji zaidi ni ya seti, zile duara mbili zinazoingiliana ulizochora sekondari, pamoja na mantiki ya "na", "au", "siyo". Kalkulasi haimo.

"Lazima laptop ya bei mbaya na bando la kila siku."

Hapana. PostgreSQL na MySQL, ambazo ni programu za kanzidata, zinapatikana bure na zinakubali kwenye laptop ya mtumba. SQLite ni ndogo zaidi, na imo tayari ndani ya simu yako ya Android. Pakua mara moja, ukae nayo geto bila intaneti.

Na ukishaiweka PostgreSQL, jambo la kwanza ninalowaelekeza ni hili, kwa sababu wengi hawaamini mpaka waone. Tengeneza jedwali la akaunti mbili. Anza muamala, yaani hatua zinazokamilika zote au zinafutwa zote, kwa BEGIN, toa shilingi 50,000 kwenye akaunti ya kwanza, na kabla hujaziongeza kwenye ya pili, izime kompyuta ghafla kana kwamba umeme umekatika. Iwashe tena, uliza salio la akaunti ya kwanza. Zile 50,000 utazikuta palepale.