Risasi ndani ya gogo: momenta kwanza, nishati baadaye

Swali hili huwaangusha wengi, ingawa hesabu zake ni nyepesi. Risasi ya gramu 10 inakwenda mita 300 kwa sekunde, inazama kwenye gogo la kilo 2.99 lililoning'inizwa kwa kamba ya mita 2. Gogo litapanda kiasi gani?

Anayekimbilia nishati anaandika: risasi ina jouli 450, zote zigeuke kimo, jibu mita 15. Kwa kamba ya mita 2! Hapo kalamu ingepaswa kusimama yenyewe.

Tatizo liko kwenye mgongano. Risasi inapasua mbao na kuzalisha joto, na nishati mwendo karibu yote inaishia humo. Momenta, yaani tungamo mara kasi, haipotei. Kanuni ya tatu ya Newton inasema gogo linaisukuma risasi sawasawa na risasi inavyolisukuma gogo, kwa muda uleule, pande zinazopingana. Kinachopungua huku kinaongezeka kule. 0.01 mara 300 ni 3, gawanya kwa kilo 3: vyote viwili vinaondoka kwa mita 1 kwa sekunde. Nishati iliyobaki ni jouli 1.5 tu.

Na kamba je, haiingilii? Tuseme risasi imezama sentimita 5. Jouli 448.5 zilizopotea, gawanya kwa mita 0.05, unapata kani ya wastani ya Newton 9000 hivi. Kwa kani hiyo mgongano mzima unachukua kama theluthi ya milisekunde, na gogo halijasogea hata robo ya milimita. Kamba bado iko wima. Haina mvuto wa kando wa kuiharibu momenta.

Gogo likianza kubembea, mambo yanageuka. Sasa uzito na kamba vinabadilisha momenta kila hatua, lakini kamba inavuta kwa pembe mraba na mwendo, kwa hiyo haifanyi kazi yoyote. Nishati inahifadhiwa: 1.5 gawanya kwa (3 × 9.8), ambapo 9.8 ni mchapuko wa mvutano wa dunia, kimo ni sentimita 5 hivi.

Mwingereza Benjamin Robins aliieleza njia hii mwaka 1742, akienda kinyumenyume: alipima mbembeo ili apate kasi ya risasi, enzi ambazo hapakuwa na saa ya kuikimbiza.

Mtahini akiuliza mvuto wa kamba mara tu baada ya mgongano, nishati haitakusaidia. Rudi kanuni ya pili ya Newton (kani ni tungamo mara mchapuko): gogo linaanza kupinda njia, hivyo 29.4 za uzito ongeza 3 × 1² ÷ 2 (tungamo mara kasi mraba, gawanya kwa urefu wa kamba), jumla Newton 30.9.