Unataka kulipwa kwa kurusha droni? Leseni inaanzia angani, sio kwenye rimoti

Kwenye mafunzo ninayoendesha kuna swali halikosi kila darasa: "Mwalimu, mi nimerusha droni miaka miwili, haijawahi kuanguka hata siku moja, leseni ya nini tena?" Na mimi huwa namrudishia swali, uko juu mita 100 unapiga video yako safi kabisa, alafu unasikia helikopta inakuja ila hujaiona bado iko upande gani, unafanya nini? Wengi wananyamaza. Mmoja alisema anaigeuza kamera aipige picha, darasa zima tukacheka, lakini nilivorudi nyumbani jibu lile likanikaa kichwani manake kijana alikuwa anajua kurusha kuliko wenzake wote.

Jibu ni kushuka. Unashuka haraka unaipisha, kila siku droni ndo inayopisha, ndege yenye watu ndani haikupishi wewe.

Kisheria hicho kidude ni ndege na wewe uliyesimama chini na rimoti ni rubani. Hili halikuanza juzi, Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaosimamia usafiri wa anga duniani una kifungu cha 8 kinachosema ndege isiyo na rubani ndani yake haipiti juu ya nchi mwanachama bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Mwaka 1944! Hakuna aliyekuwa anawaza harusi zipigwe video kutoka juu. Kwa hiyo anayekupa leseni ni mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi unayorushia, sio duka lililokuuzia, sio polisi, na sio mwenye ukumbi aliyekwambia "rusha tu hamna shida".

Sasa tuje kwenye neno biashara, hapa ndo watu wanajichanganya sana. Wengi wanadhani biashara ni pale pesa inapoingia mkononi, kama hujalipwa basi unacheza tu. Marekani kwa mfano haiko hivo, kule kuna kanuni inaitwa Sehemu ya 107, ilianza kutumika Agosti 2016, na inamgusa kila anayerusha kwa sababu yoyote ambayo sio kujifurahisha tu. Ukimkagulia jirani paa lake bure, umetoka kwenye kujifurahisha. Ukijitolea kupiga picha za mechi ya shule ziwekwe kwenye tovuti ya shule, umetoka pia, hata kama umeambulia soda tu. Ulaya wao wameachana kabisa na hiyo hesabu ya pesa, wanaangalia hatari: droni yako ina uzito gani, unaruka karibu na watu kiasi gani, unaiona kwa macho au huioni, basi. Binafsi naona wa Ulaya wana akili zaidi hapo, droni ya kilo nne ikikuangukia kichwani haiulizi kama rubani alikuwa analipwa. Lakini sheria unayofuata ni ya nchi unayorushia, sio ile unayoipenda, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kufungua tovuti ya mamlaka ya nchi hiyo uone wanaitaje kazi unayotaka kuifanya.

Njia yenyewe karibu kila mahali inafanana. Unasajili droni, au unajisajili wewe mmiliki, kuna umri wa chini (Marekani ni miaka 16), kuna mtihani, na sehemu nyingine kuna kuonyesha kwa vitendo kwamba unaweza kurusha. Uzito unabadilisha mambo mengi, gramu 250 ndo mpaka ambao nchi nyingi zimeuchukua, ndo maana unaona makampuni yanatengeneza droni za gramu 249. Ila usidanganyike na hiyo 249, Marekani ukiirusha kikazi chini ya Sehemu ya 107 unaisajili tu hata iwe nyepesi namna gani.

Mtihani wa Marekani ni maswali 60 ya kuchagua, masaa mawili, unafaulu kwa asilimia 70. Cheti cha kuanzia cha Ulaya ni maswali 40, unafanya mtandaoni, asilimia 75. Ukisikia hivo unaona rahisi, na kweli sio mgumu, ila unawaangusha watu wazoefu kwa sababu hauulizi kabisa vidole vyako vinafanya nini kwenye rimoti, ule wa Marekani hasa unakuuliza kuhusu anga na hali ya hewa kama vile unaenda kurusha ndege ya abiria.

Chukua ripoti ya METAR, hii ni taarifa fupi ya hali ya hewa inayotolewa na viwanja vya ndege. Unakuta pameandikwa 27015G25KT. Mtu anatoa macho. Hizo tarakimu tatu za mwanzo ni upande upepo unakotoka, 270 ni magharibi, UNAKOTOKA jamani sio unakoenda, nimesahihisha hilo kosa mpaka nimechoka. Alafu 15 ni kasi kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, na G25 ni kwamba kuna mivumo inafika noti 25. Noti 25 ni karibu mita 13 kwa sekunde, na droni nyingi ndogo zimeundwa kuhimili mita 10 au 11 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo hako kamstari kamekwambia usirushe leo, au kama kazi inakubali urushe upepo ukitulia, na we ulikuwa unaona ni herufi tu. Na upepo wa juu mara nyingi ni mkali kuliko huo unaousikia usoni ukiwa umesimama chini. Droni nyingi zinapotea hivi: inaenda na upepo kwa raha, betri iko asilimia 60 rubani anaona bado sana, kugeuka kurudi inapigana na upepo uleule, inatambaa, betri inaisha juu ya maji. Anza safari kwa kuupinga upepo ili urudi nao, hilo halimo kwenye mtihani ila nawapa bure.

Kingine ni saa. Ripoti zote za anga zinatumia saa ya dunia, UTC, inaandikwa na herufi Z mwishoni. Sisi wa Kiswahili tuna kazi mbili hapo, kwanza kuigeuza iwe saa ya mahali ulipo, alafu kichwani tuigeuze tena iwe saa yetu, kwa sababu 0630Z mtu anaisoma sita na nusu akili inaenda mchana. Andika kwenye karatasi, usifanye kichwani.

Na ramani ya anga. Hewa iliyo juu yako imegawanywa madaraja, kuna sehemu inadhibitiwa na waongoza ndege na kuna sehemu iko huru. Kiwanja kikubwa cha ndege kifikirie kama ndoo imewekwa juu yake, chini nyembamba juu pana: karibu na kiwanja udhibiti unaanzia ardhini kabisa, ukienda mbali unaanzia juu zaidi na wewe chini yake unaweza kuwa huru. Sasa mtu anaona yuko kilometa kadhaa kutoka kiwanja anajisemea niko salama, kumbe bado yuko ndani ya ndoo. Desemba 2018 kiwanja cha Gatwick kule Uingereza kilisimamisha safari kwa sababu ya taarifa tu za kuonekana droni, safari kama 1,000 zikavurugika na abiria kama 140,000 wakakwama kipindi cha Krismasi. Ukijua hilo huwezi kushangaa kwanini mamlaka hazina masihara na droni karibu na viwanja.

Ukishafaulu, leseni haikufungulii anga lote. Mipaka ya kawaida inabaki palepale: futi 400, ambayo ni kama mita 120, droni uione kwa macho yako mwenyewe na sio kwa skrini, hukatizi juu ya watu ambao hawahusiki na kazi yako mpaka utimize masharti ya ziada, na kwenye anga inayodhibitiwa unaomba kibali kabla. Kazi zinazolipa vizuri, kama kukagua nguzo za umeme maili na maili au kupulizia dawa mashamba, mara nyingi ziko nje ya hiyo mipaka, kwa hiyo unaomba ruhusa ya ziada na unaandika kabisa hatari ni zipi na utazizuia vipi. Hapo ndo rubani anayejua kuandika anampita anayejua kurusha tu.

Kwa vitendo, Marekani hawakupimi kurusha, ukifaulu karatasi umemaliza, na hilo mimi sikubaliani nalo. Kanada kwa cheti chao cha juu lazima urushe mbele ya mtahini. Hata kama kwenu hamna, tafuta uwanja mtupu uzime GPS, ile inayoishikilia droni isihame hewani, kama droni yako inaruhusu, uone inavyoteleza, manake siku GPS itakapokukimbia katikati ya kazi hutakuwa na muda wa kujifunza.

Bima angalia sheria inasemaje, ila hata pale isipolazimishwa wateja wakubwa watakuuliza kabla hata ya bei. Na leseni inataka kuhuishwa, Marekani kila miezi 24 unapitia mafunzo mtandaoni bila malipo, Ulaya cheti cha kuanzia kinadumu miaka 5. Ukisafiri na kazi usidhani leseni ya kwako inavuka mpaka na wewe, nchi za Ulaya zinatambuana zenyewe kwa zenyewe ila kwingine unaanza upya, na kuna nchi kama Moroko droni bila kibali inabaki forodhani. Betri za lithiamu za akiba unabeba kwenye begi la mkononi sio kwenye mzigo wa chini, kila moja isizidi wati-saa 100 (kipimo cha nishati ya betri), ikizidi hapo unaliuliza shirika la ndege kwanza.

La mwisho, maana naona linazidi. Kuna kijana alikuja kwangu na cheti kizuri kina muhuri wa dhahabu, amesoma kozi ya wiki mbili amelipia hela nyingi, anataka nimsaidie kupata kazi. Kozi yenyewe wala haikuwa mbaya. Nikamwambia nionyeshe namba ya leseni na jina la mamlaka, tukakigeuza kile cheti mbele na nyuma, hamna. Alikuwa ameshapiga harusi nne.