Maziwa Si Dawa ya Sumu: Maswali na Majibu Kuhusu Kolini, Neva na Dawa za Kupulizia

Msimu wa nyanya ukishika kasi, wagonjwa wangu hospitalini huwa nawatambua kwa harufu ya dawa ya kuua wadudu kabla hawajafika mlangoni. Wengi huwa wameshakunywa maziwa, wakiamini yanaondoa sumu. Maziwa hayo ndiyo yaliyoniketisha niandike, ila nitaanzia mbali kidogo ili tuelewane.

Kolini ni nini?
Ni kirutubisho. Kipo kwenye kiini cha yai, maini, samaki na soya, na ini lako lenyewe hutengeneza kiasi. Yai moja kubwa lina takriban miligramu 150. Mtu mzima anakadiriwa kuhitaji miligramu 425 kwa siku akiwa mwanamke na 550 akiwa mwanamume.

Neva (mshipa wa fahamu) inaipataje, na inaifanyia nini?
Kolini husafiri na damu. Kwenye ncha ya neva kuna mlango maalumu, protini inayoivuta ndani kwa msaada wa sodiamu. Humo ndani kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa asetilikolini, ambayo hufungashwa kwenye vifuko vidogo sana. Ukitaka kukunja kidole, umeme wa neva hufika pale nchani, vifuko hufunguka, asetilikolini inamwagika na kuugusa msuli, nao unajikunja. Papo hapo kimeng'enya kingine, kolinesterasi, huikata kama mkasi. Kolini iliyobaki hurudi ndani kwa mlango uleule ikatumike tena. Ni kama chupa tupu za soda: zinarudi kiwandani, zinajazwa upya.

Dawa ya kupulizia inaharibu wapi?
Kwenye mkasi. Dawa za kundi la oganofosfati, kama klopirifosi na profenofosi, huufunga. Asetilikolini haikatwi, inarundikana, na mwili unaamrishwa bila kupumzika. Udenda, machozi, jasho, kuharisha, kujikojolea. Mboni za macho zinakuwa kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza chini ya ngozi, na moyo unaweza kwenda polepole. Anayekufa, mara nyingi hufa kwa kukosa pumzi: mapafu yamejaa majimaji na misuli ya kupumulia imelegea.

Kwa hiyo tumpe maziwa kwanza?
Hapana. Maziwa hayaufungui ule mkasi. Mtu anayetoka udenda na kusinzia hamezi vizuri, hivyo maziwa yanaishia mapafuni.

Lakini jirani alipewa maziwa akapona!
Alipona kwa sababu sumu ilikuwa kidogo, au kwa sababu kuna aliyemwahisha hospitali. Maziwa yalikuwepo tu. Hapana, tena.

Mayai mabichi je? Mafuta ya kula?
Hapana, kwa mara ya tatu. Mgonjwa huyu hakupungukiwa kolini hata umwongezee yai, asetilikolini imemzidi. Wala usimtapishe kwa kidole au maji ya chumvi.

Tufanye nini basi?
Mtoe shambani, mvue nguo zote, umwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele pia. Wewe unayemwosha vaa glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi. Mlaze kwa ubavu wa kushoto. Chukua chupa ya dawa yenye lebo na uondoke. Kama kuosha kunachelewesha safari, mvue nguo na muende.

Kuna baba mmoja aliletwa kwa bodaboda akiwa na shati lilelile, mgongo umelowa dawa iliyovuja kwenye bomba. Alikuwa amelazwa chini ya mwembe saa tatu nzima, anakunyweshwa maziwa kikombe kwa kikombe, na muda wote huo shati linaendelea kumpa sumu kupitia ngozi. Hakuna aliyefikiria kulivua. (Na hiyo tabia ya kuzibua nozeli kwa kupuliza kwa mdomo, jamani, tuiache. Sindano au waya mwembamba ni shilingi ngapi?)

Hospitali kuna nini ambacho nyumbani hakuna?
Oksijeni na atropini. Atropini huzuia asetilikolini iliyozidi isiendelee kuamrisha tezi na moyo; tunaiongeza maradufu kila dakika chache mpaka kifua kikauke. Kuna dawa nyingine, pralidoksimu, inayoweza kuufungua mkasi wenyewe, lakini kadiri saa zinavyopita kufuli linakomaa na halifunguki tena. Saa zile za maziwa ndizo ninazozililia.

Amekunywa kwa makusudi, tunaogopa polisi. Tuanzie polisi kuchukua fomu ya PF3?
Anzieni kwetu. Karatasi itafuata, pumzi haisubiri. Msimfiche ndani wala kumgombeza njiani, na mtuambie ukweli ili akishatengemaa apate mtu wa kuzungumza naye.

Ameamka, anaongea. Turudi naye nyumbani?
Bado. Kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya shingo na ya kupumua inaweza kulegea upya, hata kwa mtu aliyekuwa anacheka asubuhi. Mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Asipoweza, mwite muuguzi saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na umeshamwita mara tano.