Vidole Viwili vya Mlisha Ndama

Anayemfundisha ndama kunywa kwenye ndoo huchovya vidole viwili katika maziwa, humpa ndama avinyonye, kisha hukishusha kichwa chake taratibu mpaka mdomo uguse maziwa. Kazi hiyo nimeifanya tangu utotoni, kabla sijasomea utabibu wa mifugo, na sikujua kwamba mdomo wa ndama anayelala juu ya kinyesi chake unaweza kunipa kimelea kiitwacho kriptosporidia.

Ndama huugua zaidi katika wiki tatu za mwanzo. Gramu moja ya kinyesi chake cha majimaji huweza kubeba mamilioni ya oosisti, yaani vijimayai vya kimelea hicho, ambavyo vikishatoka viko tayari kuambukiza, na hata kumi tu vinaweza kumtosha binadamu. Ganda lake gumu hustahimili klorini ya kawaida ya kutibu maji, na vitakasa mikono vyenye spiriti haviviui. Ndiyo maana huwasihi wafugaji warudi kwenye sabuni na maji yanayotiririka, ambayo huviondoa mikononi ingawa hayaviui, na wachemshe maji ya kunywa.

Baada ya wiki moja hivi aliyeambukizwa hupata tumbo la kusokota na kuhara maji, hali inayoweza kudumu wiki mbili. Mwenye afya njema hupona mwenyewe akinywa maji ya ORS ya kutosha. Kwa mtoto mchanga au mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka, kuhara huko huweza kuua. Nisimsingizie ndama, kwani katika Afrika Mashariki watoto wengi hupata aina ya kimelea hiki inayotoka kwa binadamu wenzao, lakini kwa anayeshinda bandani ndama hubaki hatari ya kweli.

Ukihara baada ya kuhudumia ndama mgonjwa, mweleze daktari jambo hilo waziwazi. Kipimo cha kawaida cha choo hukikosa kimelea hiki kwa urahisi, na mtaalamu wa maabara huhitaji kuambiwa ili atumie rangi maalumu, jamaa ya ile inayotafutia kifua kikuu katika makohozi. Dawa za kuua bakteria hazikigusi.

Nyumbani kwangu ndama anayehara hutengwa, huhudumiwa mwisho baada ya wenzake wote, ndoo yake haiingii jikoni, na watoto hawampi vidole.